Doa la Mlangoni

Utotoni sikuwahi kupigwa kofi na mama. Alikuwa na mdomo, na mdomo wake ulitosha. Nimekuja kupigwa nikiwa mtu mzima, nina gereji yangu na mafundi ninaowafokea mwenyewe, na kosa langu lilikuwa kumsafishia mlango. Nilisimama pale nimeshika shavu, brashi ya waya mkononi, maji ya sabuni yakinichuruzika mpaka kwenye viwiko. Kikapu alikuwa amekiachia chini, vitunguu vinabingirika barabarani, na wala hakuvitazama.

"Umefanya nini?" alisema. "Wewe mtoto, umefanya nini?"

Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini mateke ya mama yako mzazi huyatarajii. Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana hata mimi sikuelewa upesi.

Baba yangu ni msoma mita za maji mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mzee Mita. Maisha yake yote ya kazi aliuzunguka mji huu juu ya pikipiki, akiingia geti hili na kutoka lile, akijua mbwa wa nani anauma na nani amepanda maua juu ya mita ili isionekane. Alipostaafu, ofisi ilimwachia ile pikipiki kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ina umri kunizidi mimi, injini ya silinda moja, rangi ya tangi imebabuka, na tangu niijue inavuja oili.

Kule kuvuja kulikuwa mzaha wa nyumbani. "Pikipiki ya zamani ikiacha kuvuja," baba alipenda kusema, "ujue imeishiwa oili." Sisi tunacheka, mama hacheki. Kila baba akipiga kiki, mama huyo hapo mlangoni, mkono kiunoni: "Litazame doa lako! Limejaa kushoto kwa geti, mtu hapiti bila kuchafua viatu! Mtaa mzima zege zao ni safi, hapa kwetu tu ndipo pachafu!" Baba anavaa helmeti yake, anaondoka anatabasamu. Akirudi anaupokea wimbo ule ule. Nilizoea, kama unavyozoea redio ya jirani.

Na kweli lilikuwa doa la aibu. Nyumba za mtaa wetu zilijengwa na shirika kwa ajili ya wafanyakazi wake, safu mbili zinazotazamana, kuta rangi moja, mageti ya kijivu ya sampuli moja, na mbele ya kila geti kipande cha zege. Namba zilizopakwa ukutani zilishafutwa na mvua. Juu ya zege letu ndipo lilipokaa lile doa, jeusi, pana kama meza ya kulia chakula. Wateja wangu wakija kumsalimu baba hulitazama, kisha hunitazama mimi. "Mganga hajigangi," mmoja aliniambia, nami nikamnunia wiki nzima.

Basi Jumamosi nikaja na vifaa vyangu. Nilidhani mzee atafurahi. Badala yake alisimama kati yangu na pikipiki, kama mtu anayemkinga mtoto asichomwe sindano.

"Iache, mwanangu. Imeshazoea."

"Baba, hata mgonjwa huzoea ugonjwa wake."

Alitazama pembeni. "Basi izibe, lakini iache ivuje kidogo. Kidogo tu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Fundi gani anaombwa aache pikipiki ivuje kidogo? Nilimkalisha juu ya kreti, nikamwambia atazame binti yake anavyofanya kazi.

Nilimwaga oili yote kwenye beseni, nikafungua kifuniko cha upande wa klachi. Gasketi ya karatasi, ile inayobanwa katikati kuzuia oili, ilikuwa imekaushwa na joto, inameguka kwa kuguswa tu. Niliikwangua kwa wembe, polepole, kwa sababu kila mkwaruzo unaouacha kwenye bati ni njia mpya ya oili. Nikapitisha petroli na kitambaa mpaka pakawa pakavu. Kisha silikoni, gundi ya kuzibia. Hapo ndipo mafundi wengi huharibu, wanaipaka kama siagi kwenye mkate; inayozidi inabanwa kuingia ndani, inakatika vipande, inakwenda kuziba njia za oili, na injini inakufa huku nje imependeza. Mimi nilivuta mstari mwembamba, nikauzungusha kila tundu la bolti, nikausubiri ushike ngozi. Ndipo nikafunga, kwanza kwa vidole, halafu kwa spana, bolti ya huku na ya ng'ambo yake, ili kifuniko kikae sawa.

Mambo mawili yalinishangaza, nami nikayaacha yapite. La kwanza, bolti mbili za chini zilitoka bila spana. Zilikuwa zimelegea kabisa, na vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Baba, nani kazigusa hizi?"

"Mtetemo huo," alisema, macho yake juu ya paa.

Mtetemo haukwaruzi kichwa cha bolti, lakini nilikuwa naongea na baba yangu, si na mteja. La pili, oili niliyoimwaga ilikuwa ya rangi ya chai, safi, na haikupungua sana. Doa la nje lilikuwa jeusi ti. Kwa hesabu za kifundi, lile doa lilikuwa limekunywa oili nyingi kuliko pikipiki yenyewe. Nilikuwa bado nalifikiria hilo, chai ikaletwa, nikalisahau.

Asubuhi yake nilipitisha kidole chini ya injini. Kikavu. Nilikionyesha kile kidole kwa baba kama mtu aliyeokota dhahabu, naye akatikisa kichwa, akapiga kiki, akaondoka kwenye mzunguko wake wa kila siku. Siku hiyo hakuna aliyemgombeza, maana mama alikuwa ametangulia sokoni. Mimi nikaona nimalizie wema wangu. Nikachukua mchanga, petroli, sabuni ya unga na brashi ya waya, nikapiga magoti mbele ya geti, nikasugua. Nilisugua mpaka mgongo ukalalamika. Mwishowe zege letu likawa jeupe, huwezi kulitofautisha na la jirani. Nikainuka kulitazama, nikajiona mtoto wa maana kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Mama akatokea kwenye kona na kikapu chake.

Hapo ndipo nilipopigwa.

"Baba yako yuko wapi?"

"Ametoka na pikipiki. Mama, kulikoni? Si doa hilihili unalolilalamikia kila siku ya Mungu?"

Alikimbia. Mama yangu, ambaye kwa magoti yake hupanda ngazi kwa kuhesabu, alikimbia kuzunguka nyumba, akarudi amebeba debe. Debe lile nilikuwa nalijua, lilikuwa langu, la oili chafu inayotoka kwenye injini za wateja. Kila likimwishia hunituma nimjazie, anasema anapaka nguzo za uzio, mchwa wanazila. Nilimjazia kila alipoomba. Sasa nikageuka nikautazama uzio wetu. Ni wa matofali. Nimezaliwa ndani yake, nimeucheza, nimeuruka, na hauna hata nguzo moja ya mti.

"Mama," nilisema, na sauti yangu niliisikia ikitokea mbali. "Ni wewe unayemwaga?"

"Nani mwingine? Pikipiki yake inadondosha matone, mvua ikinyesha yamekwisha. Nikiona doa linafifia, naliongeza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yako halijui geti lake."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Mtu huyu alijua kila geti la mji huu! Alijua hata yale yaliyobomolewa. Nilimwambia mama hivyo, kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyemfanya mzee asahau.

"Ya zamani anayajua," alisema. "Hili analoingia kila siku ndilo linampotea. Siku moja nilikuwa dirishani, nikamwona anapita. Akarudi. Akapita tena. Anatazama mageti kama mtu aliyefika mji wa ugenini. Halafu akaliona doa, akaingia anapiga mluzi, akaniambia njaa inamuuma. Nikampakulia. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Ungempeleka kwa daktari. Ungepaka geti rangi nyekundu!"

"Nikipaka rangi atauliza kwa nini, na atajua. Doa ni la kwake, la pikipiki yake, halimwambii mtu kitu." Alikuwa anahema. "Unadhani kwa nini nagomba kila asubuhi? Ili aondoke nalo kichwani. Doa liko kushoto kwa geti, doa liko kushoto kwa geti. Mtu anayegombezwa hasahau alichogombezwa."

Nikamkumbuka baba alivyoanza siku hizi kuniita "fundi" badala ya jina langu. Nilijisifu kwa hilo. Niliwaambia wenzangu gerejini kwamba mzee hatimaye ameukubali ufundi wangu. Pale getini, na brashi mkononi, nilielewa kwamba siku nyingine aliniita hivyo kwa sababu jina halikumjia. Niliona aibu na uchungu kwa pamoja, sikujua nianze na kipi.

"Yeye hajui kwamba ninajua," mama alisema. "Na usimwambie. Umenisikia? Akijua, ataiegesha ile pikipiki na yeye mwenyewe atajiegesha kando yake." Nikamwahidi.

Aliinamisha debe ili amwage, na wakati huohuo tukaisikia. Injini ya silinda moja huisikii ukaichanganya na nyingine. Ilikuwa imeshaingia mtaani kwetu. Angemkuta anamwaga. Mama akaliingiza debe ndani bila kumwaga hata tone, akanivuta tukajificha nyuma ya geti, akalirudisha geti likabaki na upenyo mwembamba.

"Asituone tunamtazama," alininong'oneza.

Alikuja polepole, gia ya kwanza, miguu inaning'inia karibu na ardhi. Hakuwa anatazama mageti. Alikuwa anatazama zege, moja baada ya jingine, kushoto na kulia, amekunja uso. Alipofika mbele yetu nilimwona vizuri kabisa, jasho limemtoka chini ya helmeti. Alilitazama zege letu jeupe nililolisugua kwa mikono yangu. Kisha akapita.

Nilitaka kutoka nimwite. Mama alinibana mkono mpaka kucha zikaniingia.

Alikwenda hadi mwisho wa mtaa, akageuka, akarudi, akatupita tena. Sasa alikuwa anahangaika, anasimama, anaondoka, injini inakaribia kuzima. Hatua chache kutoka kwetu anakaa mshonaji, mama mmoja mcheshi, na juzi gari la mteja wake lilidondosha oili mbele ya geti lake, kidoa kidogo cha ukubwa wa sahani. Baba alikiona. Niliona mabega yake yakishuka kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo. Akazima injini, akateremka, akafungua komeo la geti la watu, akaanza kusukuma pikipiki kuingia ndani.

Sijawahi kuona kitu kilichonitisha namna ile, na nimeona ajali za barabarani. Mshonaji alitoka na tepu yake shingoni, akasimama mlangoni, hajui acheke au aulize. Baba naye akasimama. Alimtazama yule mshonaji, akatazama kibaraza chake, akatazama maua yake, na nikaona anavyotafuta ndani ya kichwa chake na hapati.

Mama alishatoka. Hata sikumwona akiniachia. Alikuwa katikati ya barabara, mkono kiunoni, sauti ile ile ya kila siku, imejaa ugomvi mpaka pomoni.

"Wewe mzee! Umeanza tena? Nani kakwambia bado unasoma mita? Ulistaafu, bwana! Toka kwenye nyumba za watu!"

Uso wa baba ukafunguka. "Nilitaka nione kama mita yake bado inazunguka," alisema. "Miaka yote ile ilikuwa inanidanganya."

Mshonaji akacheka mpaka akajishika mbavu, akasema Mzee Mita hatabadilika. Mama akatangulia mbele, anagomba bila kupumua, kuhusu chakula kinachopoa ambacho hata hakijapikwa, kuhusu vitunguu vilivyomwagika, na baba akasukuma pikipiki akiifuata ile sauti mpaka ndani ya geti letu. Mama akapitiliza jikoni. Mimi nikabaki na baba uani.

Alisimamisha stendi, akavua helmeti, akakaa juu ya kreti. Helmeti aliipakata magotini.

"Umeziba vizuri," alisema. "Umeziba mno."

Nilichukua kitambaa nikaanza kulifuta tangi. 

"Zile bolti mbili za chini nilizilegeza mimi. Huwa nazilegeza." Aliongea huku anaitazama injini, hanitazami mimi. "Nyumba hizi zilijengwa na mtu mvivu, mwanangu. Zote moja. Mtu akichoka kidogo, zinamchanganya. Nikiliona doa langu, najua nimefika."

"Tangu lini, baba?"

"Ningekuwa nakumbuka tangu lini, nisingehitaji doa."

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wawili walioishi nyumba moja, mmoja akilegeza bolti kwa siri, mwingine akimwaga oili kwa siri, kila mmoja akimkinga mwenzake asijue, na mimi nikaja na silikoni yangu na ufundi wangu.

"Mama yako hajui," alisema. "Nakuomba usimwambie."

"Kwa nini asijue? Ni mkeo, baba."

"Kwa sababu akijua ataacha kunigombeza." Sasa ndipo aliponitazama, na macho yake yalikuwa yananijua vizuri kabisa, ni mimi na si fundi yeyote. "Mgonjwa hagombezwi. Mgonjwa anasemeshwa taratibu, anashikwa mkono, anaulizwa kama amelala vizuri. Nilimwona baba yangu. Walipoanza kumsemesha taratibu hakumaliza mwaka, alijua tu kwamba ameshahesabiwa. Mimi nikisikia mama yako ananifokea, najua bado ni mume wa mtu. Siku akianza upole, nitajua nimekwisha."

Nilimwahidi. Nilimwambia nitazilegeza zile bolti kidogo, na yeye akaniambia nisizilegeze sana, injini isije ikaharibika. Alianza kufungua kamba za viatu. Nikaingia jikoni.

Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko ambalo hajaliwasha. Vitunguu vichache alivyoviokota vilikuwa mezani, vina vumbi. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Nimechoka," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee wa watu anahangaika mlangoni kwa jirani, na mimi namfokea mbele za watu kama mtoto. Unadhani haumii? Basi. Kuanzia leo sigombi tena. Nitamsubiri getini, nitamshika mkono, nitamsemesha taratibu."

Nilikuwa nimewaahidi wote wawili ndani ya asubuhi moja, na sikuwa na neno hata moja nililoruhusiwa kulitoa. Nje niliusikia ukimya wa baba. Alikuwa amemaliza kuvua viatu na hakuna aliyemsemesha, na alikuwa anasikiliza.

"Mama, mgombeze."

"Nini?"

"Mgombeze. Sasa hivi. Usiniulize kwa nini, mgombeze tu."

Alinitazama kwa muda. Sijui alikiona nini usoni mwangu, wala sijui alielewa kiasi gani. Alijifuta macho kwa upindo wa nguo, akapiga hatua hadi kwenye mlango wa uani, akashika kiuno kwa mkono mmoja.

"Na wewe mzee! Hivyo viatu umeviacha hapo katikati vimngoje nani? Hii nyumba ina mfanyakazi?"

"Nakuja, mke wangu, nakuja," baba alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa raha.

Mkono wake wa pili mama aliuficha nyuma ya ubao wa mlango, ambako baba asingeuona. Ulikuwa bado umeukunja ule upindo uliolowa machozi. Niliushika mkono huo, na yeye akaendelea kugomba.